Shajara ya mradi: picha za setilaiti na droni kwa mafuriko ya mbuga ya Bahi, Oktoba 2023 hadi Machi 2024

Sisi ni watu sita wa Dodoma mjini. Watatu tulisomea ramani na upimaji, mmoja ni mwalimu, mmoja muuguzi, na mmoja dereva wa bodaboda anayezijua njia za Bahi kuliko sisi wote. Tunaandika shajara hii ili kikundi kingine, cha Kilosa au Mpwapwa au popote maji yanapoingia majumbani, kichukue kinachofaa na kisirudie makosa yetu. Kila hatua ikiisha tutaongeza habari zake. Yaliyokwenda sawa tutayapitia haraka.

14 Oktoba 2023

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imetoa tahadhari ya El Niño. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa hiyo tuna wiki chache tu za kujiandaa.

Tumechagua Bahi kwa sababu mbili. Mto Bubu unashuka kutoka pande za Kondoa na kumwaga maji yake katika mbuga ya Bahi, tambarare pana ambayo kiangazi unaivuka kwa baiskeli na mvua zikikolea wavuvi wanaingiza mitumbwi. Maji yakifika pale yanakaa wiki nyingi. Hilo ndilo linaloipa setilaiti nafasi ya kuyaona. Korongo la Dodoma hujaa saa kumi jioni na kufikia alfajiri limebaki mchanga, wala hakuna setilaiti ya bure ya kuliwahi. Sababu ya pili ni kwamba wawili kati yetu tuna ndugu kule, na tumeona chakula cha msaada kikishushwa kandokando ya barabara kwa sababu hakuna aliyejua nyumba ziko wapi ng'ambo ya maji.

Mpango ni huu: kuchora kila nyumba na kila njia katika vitongoji vinavyopakana na mbuga kwa kutumia picha mpya za kutoka angani, kupata mipaka ya maji kwa rada, kisha kukabidhi ramani za karatasi kwa kamati za maafa za vijiji na kata. Kamati hizo zimewekwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, na mara nyingi zinachokosa si ari bali ni ramani.

Barua ya kujitambulisha tumeipeleka halmashauri. Maombi ya kibali cha kurusha droni tumeyaanza wiki hii, na tayari tumechelewa. Droni hapa nchini inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na idhini ya upande wa ulinzi. Anayetaka kutuiga aanze na hilo mwezi wa sita, kabla hata ya kutafuta watu.

28 Oktoba 2023

Kosa la kwanza limekuja mapema. Tulifungua picha ya chini tunayoitumia kuchorea katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, tukagawana maeneo, na kwa jioni mbili tukachora njia 40 na zaidi. Mwenzetu wa bodaboda akaja, akaitazama skrini, akauliza, "Tuta liko wapi?"

Hatukumwelewa. Akasema tuta la reli mpya, hili la SGR linalotoka Dodoma kupita Bahi kwenda Makutupora. Kwenye picha yetu hapakuwa na tuta. Picha ilikuwa ya kabla halijajengwa. Njia tulizokuwa tumezichora kwa uhakika, zikikatiza kutoka kitongojini hadi zahanati, leo zinafika kwenye ukuta wa udongo na kuishia hapo. Mtu huvuka palipo na kalavati au daraja tu, na sehemu hizo ziko mbali mbali.

Fikiria gari la msaada limepewa ramani ile usiku wa mvua.

Tumefuta njia zote na kuanza upya. Kazi ya kwanza sasa ni kutafuta tarehe ya kila kipande cha picha. Picha ya chini ni viraka vilivyoshonwa, kipande hiki cha mwaka huu, jirani yake cha miaka mitano nyuma, na macho hayatambui mshono. Pale tarehe isipopatikana tunalinganisha na picha za bure za setilaiti za Ulaya, Sentinel-2. Hiyo ina pikseli ya mita 10, nyumba huioni, lakini tuta la reli unaliona vizuri sana, na setilaiti zake mbili zinarudi mahali pamoja kila baada ya siku 5. Ukiweka picha ya wiki iliyopita juu ya picha nzuri ya zamani, kilichobadilika kinajitokeza chenyewe.

Kuanzia leo hakuna mstari unaoingia kwenye ramani yetu bila tarehe ya picha ulikotolewa. Tunaiandika katika lebo ya kila njia na kila nyumba. Inachosha, ila hatuachi.

11 Novemba 2023

Wiki ya kupakua data. Sentinel-1 ndiyo setilaiti ya rada tunayoitegemea, maana rada hupenya mawingu na haihitaji mchana. Zamani zilikuwa mbili, lakini moja iliharibika Desemba 2021, kwa hiyo msimu huu wa 2023/24 iliyobaki inarudi kila baada ya siku 12.

Tulikuwa na programu fupi ya kupakua tuliyoiandika mwaka jana. Ikagoma. Tulihangaika siku mbili tukidhani ni mtandao, kumbe dirisha la zamani la Copernicus, mpango wa Ulaya unaotoa picha hizi za Sentinel, limefungwa mwisho wa Oktoba na kila kitu kimehamia mfumo mpya. Tangazo lilikuwapo kwa miezi mingi, hatukulisoma. Tukajisajili upya, tukaanza kupakua picha moja yenye ukubwa wa karibu GB 1. Ilifika zaidi ya nusu ikakatika, mara tatu, na bando la shilingi 30,000 likaisha bila picha.

Suluhisho: tusipakue kabisa. Tumehamia Google Earth Engine, ambayo ni bure kwa kazi zisizo za biashara. Picha zinabaki huko kwenye kompyuta zao, tunatuma maelekezo, tunarudishiwa ramani ndogo ya eneo letu yenye MB chache. Kwa mtu wa mkoani mwenye bando la simu, hiyo ndiyo njia.

25 Novemba 2023

Hii ndiyo habari kubwa ya mwezi, nayo imetuuma.

Ili kuharakisha, tulichukua data ya majengo iliyotengenezwa na kompyuta kutoka picha za setilaiti. Ni data nyingi na nzuri, na mjini inashangaza kwa usahihi. Katika kitongoji chetu cha kwanza ilitoa paa 61. Nasi tukapitia kwa macho, tukaongeza 4, tukaona tumemaliza.

Jumamosi tukaenda kuhakiki kwa miguu na balozi wa shina. Alitusalimu "Mbukwenyi," tukaitikia, akatutembeza nyumba kwa nyumba. Jioni tulikuwa na nyumba 94.

Zilizokosekana karibu zote ni tembe. Asiyezijua: tembe ni nyumba ya asili ya Wagogo, ndefu na fupi kwa kimo, paa lake ni bapa, miti imepangwa kisha ikasiribwa udongo. Ukiitazama kutoka juu, paa la tembe lina rangi ya uwanja wake, kwa sababu ni udongo uleule. Bati linang'aa, kompyuta inalinyaka. Tembe linapotea. Na pale ambapo kompyuta iliona "nyumba" isiyokuwapo, ilikuwa zizi la ng'ombe la mviringo au kivuli cha mbuyu.

Ubaya wake ni huu: mvua ya siku tatu mfululizo ikinyesha, paa la udongo linalowa, linakuwa zito, na huweza kuanguka. Wenye tembe ndio wanaohitaji turubai kwanza. Na wao ndio ramani yetu iliowafuta. Muuguzi wetu alinyamaza njia nzima ya kurudi Dodoma, na mimi pia sikuwa na la kusema.

Marekebisho tuliyopata, kwa faida ya wengine:

Tafuta kivuli, usitafute paa. Picha ya asubuhi au ya alasiri inaonyesha kivuli chembamba kilichonyooka kando ya ukuta wa tembe, na udongo wa asili hauna kivuli kilichonyooka. Tazama pia vijia: kijia cha miguu hakiishii uwanjani pasipo na kitu. Vijia vitatu vikikutana mahali patupu, hapo pana mlango. Na linganisha misimu. Mwishoni mwa mvua majani yanaota kila mahali isipokuwa pale watu wanapokanyaga na juu ya paa, hivyo picha ya Aprili inalitenga tembe kuliko picha ya Septemba.

Kwa mbinu hizo tumerudia kitongoji kilekile bila kutumia orodha ya balozi, tukapata 88 kati ya 94. Sita zilizobaki zimepatikana kwa miguu tu. Vitongoji vingine vinne tumevichora hivyohivyo.

Jambo jingine dogo: picha na GPS ya simu havikukubaliana, picha nzima ilikuwa imesogea karibu mita 8 kuelekea mashariki. Tumeisogeza kwa kutumia pembe za jengo la shule na makutano ya barabara.

9 Desemba 2023

Jumapili iliyopita, tarehe 3, mlima Hanang ulishusha matope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Makumi ya watu wamefariki, na idadi inaendelea kupanda. Mmoja wetu ana shangazi kule, yeye na familia yake wako salama. Tulichangishana tukatuma nguo na unga kwa waliokuwa wanakwenda.

Tulijaribu pia kutazama kama maarifa yetu yangesaidia. Jibu la kweli ni kwamba njia yetu ya rada haikufaa. Rada hutambua maji kwa kuwa uso wake ni laini: wimbi linateleza juu yake na kwenda zake, setilaiti haipati mwangwi, picha inakuwa nyeusi. Matope yenye mawe na magogo yana uso wenye mikwaruzo, yanarudisha mwangwi kama shamba lililolimwa. Ukitafuta weusi, huoni kitu, na unaweza kuripoti kwamba hakuna madhara mahali ambapo watu wamefukiwa. Mafuriko na maporomoko ni kazi mbili tofauti.

Tumesoma pia kuhusu Mkataba wa Kimataifa wa Anga na Maafa Makubwa, ulioanza mwaka 2000, ambao mashirika ya anga hutoa picha zao bure afa linapotokea. Kikundi kama chetu hakina mamlaka ya kuuomba. Wanaoomba ni vyombo vilivyoidhinishwa. Kwa hiyo mahali petu ni pa kuwa na nyumba na njia zimeshachorwa kabla, ili picha hizo zikifika pawe na kitu cha kuziwekea chini. Picha ya maji bila ramani ya watu haimwambii mtu aende wapi.

13 Januari 2024

Ramani ya kwanza ya maji kwa rada imetoka, na ilitutisha. Ilionyesha maji yamezunguka vitongoji viwili pande tatu. Tulimpigia mtendaji wa kijiji haraka.

"Maji yako wapi, vijana wangu?" akauliza kwa utulivu. Tukamsomea majina ya maeneo. Akasema, "Hayo ni majaruba. Watu wanapandikiza mpunga."

Bahi ni nchi ya mpunga. Mkulima akijaza jaruba kwa ajili ya kupandikiza, rada inaona maji kwa sababu ni maji kweli. Kilichokosewa ni kuyaita mafuriko. Tulimwomba radhi. Naye alitupa nusu saa nzima ya simu kutueleza ni majaruba yapi hujazwa mwezi gani, na tuliandika kila neno.

Makosa yalikuwa matatu kwa pamoja, na inafaa kuyatenganisha.

Moja, mpunga. Tulichora majaruba yote kama tabaka lake, na ndani ya tabaka hilo ramani haisemi "mafuriko" mpaka mtu wa kijiji athibitishe. Tena mpunga ukishakua, mambo yanageuka: wimbi linagonga maji, linagonga mabua, linarudi lilikotoka kwa nguvu, na jaruba lenye maji linang'aa badala ya kuwa jeusi. Kwa hiyo picha ya Machi inasomwa tofauti na ya Januari.

Mbili, mbuga kavu. Udongo wa katikati ya mbuga ukikauka na kuwa laini kama sakafu, rada inauona mweusi kama maji. Tumeacha kutumia picha moja. Tunachukua picha ya Septemba ya njia ileile ya setilaiti, kwa pembe ileile, tunaitoa kwenye picha mpya, kilichopungua mwangwi ndicho kinachohesabiwa.

Tatu, na hili hatujalitatua: makorongo ya mchanga. Mchanga mkavu laini ni mweusi Septemba, na korongo likijaa maji Januari linabaki jeusi. Ukitoa moja kwa nyingine unapata sifuri. Njia ya pili inapofusha pale pale ambapo watoto huvuka kwenda shule. Kwenye ramani makorongo yote tumeyachora mstari mwekundu wa "haijulikani, uliza kwanza." Ni afadhali kusema hivyo kuliko kuweka rangi ya usalama.

Sentinel-2 inasaidia siku zenye anga wazi. Inapita kama saa tano asubuhi, kabla mawingu ya mchana hayajajenga. Maji ya Bubu ni ya tope, rangi ya chai ya maziwa, na ukiyatafuta kwa rangi ya kawaida yanafanana na shamba. Tumia bendi ya 11, ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: humo hata maji ya tope ni meusi.

27 Januari 2024

Kibali cha droni kimepatikana. Tulikodi droni pamoja na rubani wake mwenye leseni, shilingi 300,000 kwa siku. Kabla ya kurusha tulifanya mkutano wa kitongoji, tukaeleza tunapiga picha gani na kwa nini, kwamba bafu na vyoo vya watu vitaonekana, na kwamba picha haitawekwa hadharani bila ridhaa yao. Mama mmoja aliomba tusubiri aanue nguo za kitandani. Tulisubiri.

Tuliruka mita 100 juu ya ardhi, kamera ikitazama chini moja kwa moja, picha zikipandana asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa ubavu. Picha 412. Kuziunganisha tulitumia programu ya bure ya OpenDroneMap kwenye kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8. Ilizimika saa nane za usiku. Tukaongeza RAM kwa 120,000, ikamaliza kwa saa kumi na moja.

Picha ilikuwa nzuri mno, mpaka kuku wanahesabika. Ramani ya vimo ndiyo iliyotupotosha. Ilionyesha shule iko juu ya ukingo wa kitongoji kwa sentimita 90, na tulikuwa tayari kuandika "shule: mahali pa kukimbilia." Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kibarazani akatuita. "Wajukuu zangu, pale shuleni maji hufika kabla hayajafika kwangu. Mto wa zamani ulipita pale, mimi sijaolewa bado."

Tungeweza kusema kompyuta inajua zaidi. Tulichukua mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi hupimia levo, tukapima kutoka baraza la bibi hadi msingi wa shule, mita 25 kwa mita 25. Shule iko chini kwa sentimita 20. Kisha tukafungua picha za Sentinel-2 za kiangazi. Mstari mwembamba wa kijani unapita nyuma ya madarasa ukipindapinda, mkondo wa zamani ulio na unyevu chini yake. Ulikuwapo kwenye picha zetu siku zote.

Kosa letu lina maelezo. Lenzi ya droni ina mpindo mdogo. Ukipiga picha zote kwa kutazama chini tu, bila alama za ardhini, programu inaukadiria vibaya mpindo huo, na makosa yanajikusanya mpaka ardhi tambarare inatoka imevimba katikati kama sufuria iliyopinduliwa. Mlimani huenda usigundue. Kwenye mbuga, ambako sentimita 50 ni tofauti ya kulala pakavu na kulala majini, unaua mtu.

Tulirudi wiki hii. Tuliweka alama 9 za chokaa, misalaba ya mita moja, pembeni zote na katikati. Tulikodi kipokezi cha GPS cha wapima ardhi kwa siku moja, 150,000, tukapima kila alama. Tuliruka tena, safari hii tukiongeza mistari ya kukatiza na kamera imeinamishwa. Uvimbe umekwisha, na sehemu sita tulizopima kwa mpira wa maji hazikutofautiana na ramani kwa zaidi ya sentimita 7. Data ya bure ya vimo ya SRTM, iliyopigwa kwa rada Februari 2000, tumeiacha. Makosa yake ni ya mita kadhaa, na tuta la reli halimo.

10 Februari 2024

Uchapaji. Ramani za A1 za rangi, sita, tukazipeleka kwa furaha. Wiki ya pili tukakuta mtendaji amezitoa nakala za A4 nyeusi na nyeupe ili kila balozi apate yake. Wazo zuri kuliko letu. Ila kwenye nakala, bluu ya mafuriko na kijani ya majaruba zimekuwa kijivu kimoja.

Tumechora upya kwa mistari badala ya rangi: mafuriko mistari ya ulalo, majaruba nukta, makorongo mstari mzito uliokatwakatwa. Namba za kijiografia tumeziondoa mbele na kuweka alama ambazo watu wanaelekezana nazo, mashine ya kusaga, mbuyu mkubwa, kisima cha pampu, kanisa, uwanja wa mnada. Tarehe ya picha iko juu, kwa herufi kubwa kuliko jina letu. Gharama ya kuchapa mara ya pili: 60,000 ambazo zingeokoka kama tungeuliza kwanza, "mtazitumiaje?"

24 Februari 2024

Maji yamekuja kweli.

Jumapili usiku ilinyesha sana upande wa juu. Bahi kwenyewe haikunyesha, na Jumatatu watu walikwenda shambani. Jumanne maji yakaingia. Kitongoji kimoja kati ya vitano tulivyochora kilikatika.

Rada: setilaiti ilikuwa imepita siku nne kabla, na ilikuwa irudi baada ya siku nane. Sentinel-2: mawingu matupu. Kazi yote ya Januari ya kusoma rada haikutusaidia chochote siku hiyo, na yeyote anayepanga mradi kama huu alijue hilo mapema. Setilaiti moja inayorudi kwa siku 12 ni ya kujua maji yamekaa wapi, si ya kujua yamefika lini.

Kilichosaidia ni droni na orodha ya nyumba. Jumatano asubuhi mvua ilitulia kwa muda wa kama saa moja na nusu. Kamati ya kijiji ilikuwa imepata turubai na magunia ya mahindi, na trekta. Njia yetu kwenye ramani ilipita kalavati chini ya tuta. Tuliirusha droni kabla ya kuliondoa trekta, na kalavati lilikuwa limejaa hadi karibu na juu. Njia mpya ya kwenye ramani mpya, iliyochorwa kwa uangalifu wote ule, ilikuwa imekufa. Kwenye picha ya dakika ile ikaonekana ukanda mkavu kutokea uwanja wa mnada, njia ya ng'ombe, wala haikuwa kwenye ramani yetu yoyote. Dereva aliitazama kwenye simu, akasema anaijua, akaenda. Mahali pa mwisho, kama mita 200, walipakia kwenye mtumbwi wa mvuvi.

Kaya 47 zilifikiwa siku hiyo. Turubai zilikuwa 30. Hatukubishana nani apate, kwa sababu nyumba za tembe zilikuwa na alama yake kwenye nakala ya A4 ya balozi, na mabalozi walianza na hizo. Paa mbili zilikuwa zimeshaanguka, watu walikuwa wametoka kwa jirani. Hakuna aliyepoteza maisha. Nikiandika mstari huu mkono unatetemeka kidogo.

Mwenyekiti wa kitongoji alihakiki orodha akiwa amesimama majini. Zilikosekana kaya mbili, vijana waliooa na kujenga Desemba. Picha yetu ilikuwa ya Novemba.

16 Machi 2024

Rada ilipita hatimaye, na picha yake inaonyesha mbuga imejaa vizuri. Tumeiweka kama mpaka wa kumbukumbu wa mwaka huu na kuikabidhi halmashauri.

Gharama hadi leo. Kukodi droni na rubani siku tatu 900,000. Mafuta ya pikipiki na nauli 312,000. Kipokezi cha GPS 150,000. Bando 148,000, humo mna zile 30,000 za mwezi Novemba. Uchapaji wote 126,000. RAM 120,000. Chakula kwa mabalozi na wazee waliotutembeza 96,000. Chokaa, kamba na mpira wa maji 38,000. Jumla shilingi 1,890,000. Sisi sita tulitoa 200,000 kila mmoja, na 690,000 zilitoka kwa jamaa na marafiki. Kama ningeanza leo na nusu ya fedha hizo, ningekodi droni siku moja tu na kuziweka nyingine kwenye mafuta, kwa sababu nyumba tulizozipata kwa miguu ndizo zilizofanya orodha iwe ya kweli.

Nyumba na njia za vitongoji vyote vitano ziko OpenStreetMap, kila moja na tarehe ya picha yake. Majina ya wakuu wa kaya hayamo. Yako kwenye daftari la kila balozi na yatabaki huko. Picha za droni kitongoji kimeridhia zitolewe kwa halmashauri na si kwa umma, na tumefuata hivyo.

Zilizobaki: tabaka la makorongo bado ni "haijulikani." Kila balozi amepewa nakala mbili, moja ya kutumia na moja ya kuandikia nyumba mpya kwa kalamu, nasi tutazikusanya kila baada ya miezi mitatu, ya kwanza mwezi Juni. Kaya mbili za Desemba zimeshaingizwa. Mkondo wa zamani nyuma ya shule tumeuchora kwa kufuata kijani cha Sentinel-2, lakini sehemu ya mwisho karibu na majaruba inapotea kwenye picha. Bibi amesema ardhi ikikauka atatutembeza mwenyewe hadi mwisho wake, tuje asubuhi kabla ya jua kali, na tubebe ule mpira.